Dawa za Saratani Zinazoirudishia Seli Uwezo wa Kufa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unaizungumzia zaidi venetoclax, kidonge cha saratani ya damu, kwa sababu ndicho kielelezo kizuri kuliko vyote cha dawa iliyoundwa makusudi iguse mtambo wa kifo ndani ya seli na ikafika kwa wagonjwa. Maswali yanaanzia kwenye biolojia na kuishia kwenye matumizi. Mwenye kidonge tayari mkononi anaweza kushuka moja kwa moja hadi sehemu ya mwisho.

Seli "kufa kwa mpango" maana yake nini?

Kila seli mwilini huzaliwa na vifaa vya kujiua. Mtoto akiwa bado tumboni, vidole vyake huanza vikiwa vimeshikana kwa utando. Seli za utando huo hufa, vidole vikaachana. Chembe nyeupe zilizokwisha kupambana na maradhi nazo hufa hivyo, zisije zikaujaza mwili. Kila siku tunapoteza mabilioni ya seli kwa njia hii na hatuhisi lolote.

Kifo hiki hakifanani na kile cha ngozi iliyomwagikiwa uji wa moto. Seli iliyoungua hupasuka na kumwaga vilivyomo ndani, mahali hapo pakavimba na kuuma. Seli inayojiua husinyaa kwanza, hukatakata DNA yake, kisha hujigawa katika vifuko vidogo ambavyo seli jirani huvimeza. Hakuna usaha wala homa. John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie waliyaeleza haya mwaka 1972 kutokana na walichokiona kwenye darubini, wakayaita apoptosi, na kwa miaka mingi wachache tu waliyajali.

Aliyewaamsha watu ni mnyoo. *Caenorhabditis elegans*, mnyoo mdogo wa udongoni, hutengeneza seli 1,090 za mwili anapokua, na 131 kati yake hufa. Ni zilezile, kwa wakati uleule, katika kila mnyoo. Jambo lenye utaratibu wa namna hiyo lazima liwe limeandikwa kwenye jeni, na Robert Horvitz alizipata jeni zenyewe. Yeye, Sydney Brenner na John Sulston walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Saratani inaingiaje hapo?

Kwa miaka mingi saratani ilielezwa kuwa ni ugonjwa wa seli kuzaana kupita kiasi, basi. Jeni iitwayo BCL-2 ndiyo iliyowafanya watafiti wafikiri upya. Ilipatikana kwenye limfoma ya folikuli, saratani ya tezi za limfu ambamo kipande cha kromosomu ya 18 huhamia kwenye kromosomu ya 14 na kuangukia kando ya jeni inayotengeneza kingamwili. Katika seli B, chembe nyeupe zinazotengeneza kingamwili, jeni hizo hazilali, kwa hiyo BCL-2 nayo ikalazimika kufanya kazi usiku na mchana.

Ilikuwa rahisi kudhani kwamba BCL-2 inaichochea seli igawanyike. Mwaka 1988 David Vaux, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika taasisi ya Walter and Eliza Hall mjini Melbourne, pamoja na Suzanne Cory na Jerry Adams, walionyesha jambo tofauti: seli zenye BCL-2 nyingi hazizaani kwa kasi, ila zinakataa kufa. Ukizinyima vichocheo zinavyovitegemea ili ziishi, zinakaa tu.

Mtambo wenyewe unafanyaje kazi?

Ndani ya seli kuna protini mbili, BAX na BAK. Zikiachiwa, hutoboa ukuta wa nje wa mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Protini iitwayo saitokromu c humwagika, vimeng'enya viitwavyo kaspesi huamka na kuanza kuikata seli kutoka ndani, na hapo kwa kawaida hakuna tena kurudi nyuma. Kazi ya BCL-2 ni kuzizuia BAX na BAK zisitoboe. Kuna na kundi la tatu, lenye BIM, PUMA, NOXA na wenzao, ambalo huongezeka seli inapopata madhara. Hizi hujipachika kwenye mfereji ulio juu ya BCL-2 au wa ndugu zake na kuuziba usiweze kushika kitu kingine.

Venetoclax ni molekuli ndogo iliyoundwa ikae kwenye mfereji huohuo.

Sasa kuna jambo ambalo maelezo mengi hulipita juu juu. Venetoclax haiichomi seli wala haigusi DNA yake. Kwenye lukemia sugu ya limfosaiti, maarufu kama CLL, seli ya saratani tayari imejaa BIM; imekwisha kuamriwa ife mara nyingi, lakini BCL-2 imeishikilia BIM yote. Dawa inapoingia kwenye mfereji, BIM hufunguliwa na seli hufa kwa amri iliyotolewa zamani. Ndiyo maana hufa ndani ya saa chache. Seli ya kawaida isiyo na BIM ya kutosha iliyoshikiliwa haishtuki sana. Anthony Letai na wenzake wa taasisi ya saratani ya Dana-Farber, Boston, walibuni kipimo cha kuonyesha ni seli ipi iko ukingoni na ipi iko mbali, na kwa maoni yangu kipimo hicho kinaeleza tabia ya dawa hizi kuliko jina la ugonjwa.

Kwani kemotherapi ya kawaida haiui seli hivyohivyo?

Mara nyingi ndivyo inavyoua. Vincristine, inayotokana na mmea wa Madagaska unaopandwa kwenye bustani nyingi kwa ajili ya maua yake, dawa ya steroidi iitwayo dexamethasone, hata mionzi: vyote vinaweza kuisukuma seli hadi ijiue.

Tunao mfano wa hapa kwetu. Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958, kutokana na watoto aliowatibu Uganda, limfoma inayovimbisha taya ambayo leo ina jina lake. Seli zake hugawanyika kwa kasi ya ajabu kwa sababu ya jeni ya MYC, lakini MYC hiyohiyo huzisogeza karibu na kifo. Ndiyo sababu baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu za kemotherapi ya cyclophosphamide, huku uvimbe mwingi wa watu wazima ukikaa palepale hata ukipewa dawa nyingi zaidi.

Kasoro ya kemotherapi nyingi ni kwamba hupita njia ndefu. Huharibu DNA, protini ya p53 hugundua uharibifu, kisha p53 ndiyo inayoita PUMA na NOXA. Katika takriban nusu ya saratani zote jeni ya p53 imeharibika, kwa hiyo amri haifiki. Venetoclax inaanzia chini ya p53. Idhini yake ya kwanza Marekani, Aprili 2016, ilikuwa kwa wagonjwa wa CLL waliopoteza kipande cha kromosomu ya 17 chenye jeni hiyo, watu ambao kemotherapi ilikuwa haiwasaidii kitu cha maana.

Kutoka 1988 hadi 2016 ni miaka 28. Kwa nini ilichelewa hivyo?

Kwa sababu dawa nyingi hujificha kwenye kishimo cha kimeng'enya, ila hapa palitakiwa kuzitenganisha protini mbili zilizokumbatiana kwa eneo pana. Kampuni nyingi ziliona haiwezekani. Waliojaribu kuizima jeni ya BCL-2 yenyewe kwa kipande cha kinasaba kiitwacho oblimersen walishindwa kuwaridhisha washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2004.

Kikundi cha Stephen Fesik katika kampuni ya Abbott, karibu na Chicago, kilipita njia nyingine. Walitumia mashine ya sumaku inayoonyesha molekuli inashika wapi kwenye protini. Walitafuta vipande vidogo viwili vinavyoshika kwa unyonge, kimoja kando ya kingine, kisha wakaviunganisha viwe molekuli moja inayoshika kwa nguvu. Hivyo ndivyo ilivyozaliwa ABT-737, iliyotangazwa mwaka 2005. Iliua seli za saratani vizuri, lakini haikufaa kumezwa. Iliyofuata, navitoclax, ilifaa.

Navitoclax ilipofika kwa wagonjwa, chembe sahani za damu zilianza kuporomoka. Chembe sahani ndizo zinazogandisha damu. Hazina kiini, huishi siku 8 hadi 10, na kinachozihesabia siku hizo ni BCL-XL, ndugu wa BCL-2. Navitoclax ilikuwa inawashika ndugu wote wawili. Kadiri dozi ilivyopanda ndivyo chembe sahani zilivyoshuka, kwa hiyo daktari hakuweza kufika kwenye dozi inayoumaliza ugonjwa.

Ikabidi itafutwe molekuli inayowatofautisha ndugu hawa, nao wanafanana karibu kila mahali kwenye mfereji. Tofauti iliyowaokoa watafiti ni ndogo mno: kwenye nafasi ya 103, BCL-2 ina asidi ya aspatiki, na mahali hapohapo BCL-XL ina asidi ya glutamiki, iliyozidi urefu wa kaboni moja tu. Wanakemia waliongeza mkono kwenye molekuli ili uifikie aspatiki hiyo. Molekuli hiyo ikaitwa ABT-199, ikatangazwa mwaka 2013, na ndiyo venetoclax ya leo. Chembe sahani zikabaki salama kwa kiasi kikubwa.

Kuua seli za saratani ABT-737 ilikuwa imekwisha kuweza miaka 8 kabla. Muda wote uliobaki ulitumika kutafuta namna ya kutoua nyingine, na mtu anayeandika habari za tiba angeweka hilo kwenye kichwa cha habari badala ya neno "muujiza".

Matokeo yake kwa wagonjwa ni yapi?

Katika jaribio la mwanzo la CLL iliyorudi, lililochapishwa Januari 2016, wagonjwa 116 walipewa dawa na asilimia 79 walipata nafuu inayopimika. Asilimia 20 dalili zote zilitoweka. Ilipochanganywa na rituximab, dawa ya kingamwili, katika jaribio la MURANO, asilimia 84.9 walikuwa bado hawajazidiwa na ugonjwa baada ya miaka 2, ukilinganisha na asilimia 36.3 ya waliopata kemotherapi ya bendamustine na rituximab.

Kwa lukemia kali ya mieloidi, AML, kwa wazee wasioweza kuhimili kemotherapi nzito, jaribio la VIALE-A liliongeza venetoclax kwenye dawa iitwayo azacitidine. Nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miezi 14.7, badala ya 9.6 kwa azacitidine peke yake. Ni faida ya kweli. Ni miezi mitano pia, na familia inastahili kuambiwa namba zote mbili.

Jambo moja linalowafurahisha wengi wenye CLL: dawa ina mwisho. Ikianzishwa pamoja na obinutuzumab, dawa nyingine ya kingamwili, kama tiba ya kwanza, mgonjwa hutibiwa kwa takriban mwaka mmoja kisha huacha.

Kwa nini naanzishiwa vidonge viwili vidogo vya miligramu 10 wakati dozi kamili ni 400?

Kwa sababu dawa inaweza kufanya kazi vizuri kupita kiasi.

Mabilioni ya seli yakifa kwa mpigo, vilivyomo ndani yake huingia kwenye damu: potasiamu, fosfeti, na vinasaba vinavyogeuzwa kuwa asidi ya yuriki. Figo huzidiwa. Potasiamu ikipanda sana, moyo unaweza kusimama. Madaktari waliotibu limfoma ya Burkitt waliijua hatari hii miaka mingi kabla ya venetoclax, lakini hawakutarajia kidonge kimoja kifanye hivyo. Katika majaribio ya mwanzo, yaliyoanza na dozi kubwa na kuipandisha kwa haraka, wagonjwa 10 kati ya 77 walipata tatizo hilo na wawili walifariki.

Ratiba ya sasa ya CLL ilitokana na vifo hivyo. Wiki ya kwanza miligramu 20 kwa siku, ya pili 50, ya tatu 100, ya nne 200, ya tano 400. Siku mbili kabla ya kidonge cha kwanza unaanza kunywa maji, glasi 6 hadi 8 kwa siku, na unapewa allopurinol ya kushusha asidi ya yuriki. Damu huchukuliwa kabla ya kumeza, tena baada ya saa 6 hadi 8, na tena baada ya saa 24; mwenye tezi kubwa au chembe nyeupe nyingi anaweza kulazwa na kupimwa mara nyingi zaidi. Mgonjwa anaweza kujisikia mzima kabisa huku potasiamu ikipanda, kwa hiyo usikubali kupewa dozi ya kwanza mahali ambapo majibu ya maabara hutoka keshokutwa.

Mbona haitumiki kwa saratani ya titi, ya shingo ya kizazi au ya tezi dume?

Saratani hizo kwa kawaida hazikai hai kwa BCL-2 peke yake. Hutegemea zaidi BCL-XL au ndugu mwingine, MCL-1. Kuizima BCL-XL kunagusa chembe sahani. Dawa za kuizima MCL-1 zilipofika kwa wagonjwa, baadhi ya majaribio yalisimamishwa kwa dalili za kuumia moyo, kwa kuwa misuli ya moyo nayo inaihitaji.

Watafiti wa Florida walitangaza mwaka 2019 molekuli inayoipeleka BCL-XL ikateketezwe kwa kutumia kifaa ambacho chembe sahani zina kidogo sana. Hiyo naifuatilia kwa hamu.

Na njia nyingine za kuamsha kifo cha seli?

Zipo, na nyingi zimevunja moyo. Dawa za kugonga vipokezi vya TRAIL, protini inayoiamuru seli ife, vilivyo nje ya seli ziling'aa maabara na kufifia kwa wagonjwa. Xevinapant, iliyolenga protini zinazozizuia kaspesi, ilisimamishwa mwaka 2024 kwenye saratani ya kichwa na shingo. Hata venetoclax yenyewe, ilipojaribiwa kwa mieloma, saratani ya seli za uboho, katika jaribio la BELLINI, ilichelewesha ugonjwa lakini vifo vikawa vingi zaidi upande wa waliopewa dawa.

Saratani inaweza kuizoea?

Ndiyo. Mwaka 2019 watafiti wa Melbourne walieleza badiliko liitwalo G101V kwa baadhi ya wagonjwa wa CLL waliokaa na dawa muda mrefu: asidi amino moja ya BCL-2 imebadilika, na mfereji haushiki tena venetoclax vizuri ingawa bado unaishika BIM. Seli nyingine huhamia tu kwenye MCL-1. Tiba yenye mwisho husaidia kidogo hapa, kwani seli sugu hazipati muda mrefu wa kuchujwa.

Nasikia majani ya mstafeli nayo "yanaua seli za saratani". Si ni kitu kilekile?

Swali hili huja kila wiki, pamoja na ujumbe uliosambazwa WhatsApp. Ni kweli kwamba dondoo ya mstafeli huua seli za saratani kwenye kisahani cha maabara. Chumvi nayo inaua. Na spiriti. Seli zilizo kwenye kisahani hazina ini, figo wala chembe sahani za kulindwa, kwa hiyo "kuchochea apoptosi" kwenye kisahani ni jambo ambalo mamia ya vitu vya jikoni yanaweza kulifanya.

Mstafeli hauna idhini ya kutibu saratani yoyote. Una pia annonacin, sumu ya mishipa ya fahamu. Huko Guadeloupe, mwaka 1999, watafiti walihusisha ulaji wa tunda hilo na chai ya majani yake na ugonjwa unaofanana na wa Parkinson. Kula stafeli msimu wake si tatizo. Kunywa chai ya majani kila siku ukiwa kwenye dawa ya saratani ni jambo la kumwambia daktari kabla, si baada.

Natumia dawa za TB au za VVU. Kuna shida?

Kubwa, na kwa ukanda wetu hili ndilo swali muhimu kuliko yote. Venetoclax huvunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A. Rifampicin ya TB hukiharakisha, dawa ya saratani ikaisha mwilini kabla haijafanya kazi. Efavirenz ya VVU nayo hukisukuma upande huo. Ritonavir, iliyomo kwenye baadhi ya dawa za VVU za mstari wa pili, hukizuia, na venetoclax ikapanda hadi kiwango cha sumu. Clarithromycin, ambayo ni antibiotiki, na ketoconazole ya fangasi vilevile. Katika matunda, achana na balungi na danzi.

Mwingiliano huu una nguvu kiasi kwamba mgonjwa anayetumia posaconazole ya fangasi hushushiwa dozi kutoka miligramu 400 hadi 70. Kwa dawa inayogharimu zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka kwa bei ya Marekani, baadhi ya madaktari India wameutumia mwingiliano huo makusudi ili mgonjwa ahitaji vidonge vichache. Ni ubunifu wa watu wanaopima damu na kusimama karibu. Usijaribu nyumbani.

Madhara ya kawaida?

Chembe nyeupe hushuka, kisha kuhara, kichefuchefu, uchovu. Homa ukiwa kwenye dawa hii haisubiri asubuhi. Nenda hospitali usiku huohuo.

Chanjo?

Chanjo zenye kirusi hai, kama ya homa ya manjano au surua, hapana. Kama una safari inayodai kadi ya manjano, zungumza na daktari kabla ya kukata tiketi.

Nimesahau kumeza. Nifanyeje?

Venetoclax humezwa mara moja kwa siku, pamoja na chakula na maji, kikiwa kizima. Kama hazijapita saa 8 tangu wakati wako wa kawaida, meza sasa. Zikipita 8, acha, meza kesho kwa wakati uleule, na usimeze viwili kufidia. Ukitapika baada ya kumeza, usirudie siku hiyo. Ukiwa bado kwenye zile wiki 5 za kupandisha dozi na ukaikosa kwa siku kadhaa, rudi kliniki kabla ya kumeza tena, kwa sababu huenda ukarudishwa kwenye dozi ya chini na kupimwa damu upya.